Jiko la Zamaradi

Zamani zile, wanangu, kabla bahari haijapewa jina, palikuwa na kidimbwi juu ya mwamba. Wakaazi wake walikuwa wadogo mno. Tone moja la maji liliutosha mji wao mzima. Kila mmoja alikuwa nyumba ya chumba kimoja: ngozi ndiyo ukuta, na kiini cha katikati ndicho kilichotoa amri.

Chanikiwiti, mwani mwepesi mwenye maneno mengi, alikuwa na jiko la kijani humo ndani, akipika kwa mwanga wa jua. Shoga yake Zamaradi alikuwa mnene, na jiko lake kubwa zaidi. Kila asubuhi walipokezana mahali penye mwanga: huyu akishiba, humpisha mwenzake.

Siku moja, swii swii, Mijeledi akaja na mikia yake miwili, akambana Chanikiwiti pembeni. Huyo hakuwa na jiko. Aliwala wenye majiko.

"Shikamoo, Bwana Mijeledi," Chanikiwiti akasema. "Mimi ni kitonge tu. Ukinila, jioni una njaa tena. Kamtwae Zamaradi pale kwenye mwanga. Utashiba wiki nzima."

"Si shoga yako yule?"

"Tumbo lako kwanza, bwana."

Moyoni alikuwa anacheka. Zamaradi alikuwa mnene kumshinda Mijeledi mwenyewe. Mdomo gani ungemtosha? Atapaliwa huyu, alijisemea, na sote tutapona.

Masikini, hakujua kwamba Mijeledi hana mdomo. Alipomfikia Zamaradi, ubavu wake ulifunguka taratibu, ukamzunguka, ukamfunika gubigubi. Zamaradi akawa ndani ya kifuko, mzima mzima, kijani chake kikionekana kwa nje.

"Chani," sauti ikatoka humo ndani, "mbona pamebana? Zamu yangu bado haijaisha."

Chanikiwiti alitazama kijani kile kikififia, kikawa kahawia.

Mijeledi alivimba, mikia ikashindwa kumsukuma. Maji yalipojaa yalimzoa, akapotelea baharini. Mji mzima ukamsifu Chanikiwiti kwa ujanja wake, naye sifa zile zikamchoma.

Tangu hapo, kila asubuhi alikula nusu ya mwanga, akasogea pembeni, akapisha. Hakuna aliyekuja kushika zamu.

Basi, wanangu, msijiokoe kwa kumfanya mwenzenu chambo.