Injini Mbili Nyuma ya Pazia

Injini ya gari la zamani la mbio la Bwana Athmani Kihiyo wa Tanga ilikufa.

"Nunua iliyofanywa upya kiwandani ng'ambo," alisema Bwana Elinazi Mbwambo, mwenye duka kubwa la injini. "Ukimpa Chausiku aifungue hiyo yako, umeitupa. Mimi nikisikia mlio tu, najua ipi ya kiwandani na ipi ya gereji ya uani."

"Basi njoo usikilize, baba," alisema Fundi Chausiku Semboja, mwenye gereji hiyo ya uani, aliyekuwa akiwasikia. "Ukizitambua, nafunga gereji."

Alasiri injini mbili zilinguruma nyuma ya pazia la magunia. Bwana Mbwambo alitega sikio.

"Hii inanong'ona, ndiyo ya kiwandani. Ile inakohoa kama mzee wa tumbaku; hiyo kazi yako, mama. Kafunge!"

Chausiku alivuta pazia. Kila injini ilikuwa na kibati chenye jina la duka la Bwana Mbwambo.

"Zote ni za kiwandani, uliziuza wewe, zikaharibika, zikaletwa kwangu," alisema. "Inayonong'ona nimeshaitengeneza. Inayokohoa, zamu yake kesho."

Bwana Athmani akamkabidhi Chausiku ufunguo wa gari.

"Na yangu keshokutwa."