Wimbo wa Mlangoni

Atakaye ngano asogee, na mwenye kikohozi akohoe sasa.

Palikuwa na mayatima wawili, Wakesho na mdogo wake Mghoi. Mama yao aliwaachia wimbo, na asiyeuimba hakufunguliwa mlango. Siku moja Wakesho alikwenda kuokota kuni, akakamatwa na zimwi.

"Niache mimi, babu," akalia. "Nyumbani yuko mdogo wangu, mnono. Nitakufundisha wimbo wetu, atakufungulia mwenyewe."

Zimwi likaenda naye hadi mlangoni, likaimba. Mghoi akafungua huku akicheka, akidhani ni dada.

Mazimwi hayana shukrani. Likawabeba wote wawili hadi pangoni kwake, likawafunga kwa kamba moja ya uchawi, likaenda kuteka maji ya kuwapikia. Mghoi akasali: "Baba yetu, utusamehe makosa yetu." Kamba ikalegea. Lakini neno "kama tunavyowasamehe" halikumtoka kinywani, na kamba ikabana. Akasali tena, akaliruka neno lile. Kamba ikabana hadi mbavu.

"Liseme, mdogo wangu! Zimwi linarudi!"

"Nyamaza, wewe uliyelifundisha zimwi wimbo wa mama."

Kishindo kikasikika. Mara ya tatu Mghoi akafumba macho, akasema yote: "Utusamehe, kama ninavyomsamehe huyu Wakesho." Kamba ikaanguka, wakatimua mbio.

Walipokaribia nyumbani, Wakesho akaanza kuimba.

"Huo usiuimbe tena, dada," Mghoi akasema. "Nimekusamehe. Piga hodi kama watu wengine, nitakufungulia."

Na kweli, kila jioni alimfungulia. Ila alichungulia kwanza.