Mwale Uliosokotwa kwa Mkono wa Kushoto

Hapo kale, mwanga ulikuwa haujui kuzunguka. Ulitoka juani nyuzi nyuzi, umelegea, ukafika duniani umefumuka kama pamba ya mto uliochanika. Watu waliufagia uani. Waliokaa mabondeni walipata mabaki tu, wakawa wanagongana vichwa mchana kweupe.

Jua likaona aibu. Likapeleka nyuzi zake kwa wasokota kamba wawili, Siwema na wifi yake Mashavu. Likasema atakayeshinda kwa kuufikisha mwale mzima bondeni ndiye atakayesokota mwanga wote. Mwenzake ataacha ufundi, abaki kuchambua makumbi ya nazi.

Mashavu akajiona ameshashindwa. Yeye alitumia mkono wa kushoto, na tangu aolewe wifi yake hakumpumzisha. "Wifi, kamba zako mbona zinakwenda kinyumenyume?"

Siku ya mashindano kijiji kizima kilikusanyika. Siwema akasokotea pajani, mwale ukatoka ukizunguka kulia, ukafika bondeni mzima. Vigelegele! Mashavu akauzungushia wake kidoleni usije ukamponyoka. Ukatoka ukizunguka kushoto, nao ukafika bondeni mzima. Ila alipochomoa kidole, katikati pakabaki tundu jeusi.

"Tazameni!" Siwema akapiga kelele. "Umegeuka, na tena una tundu!" Akaubana kwa viganja, akauvuta, akaukalia. Tundu halikuziba.

Mashavu alitamani ardhi ipasuke aingie.

Siwema, kwa kujigamba, akaurusha tena mwale wake bila hata kutazama. Ukapiga karai la maji yaliyotulia, ukamrudia usoni. Wote wakauona: ulikuwa unazunguka kushoto.

"Wifi," Mashavu akauliza polepole, "na huo nao ni wangu?"

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Siwema akaurusha tena, ukarudi kushoto. Kwa hasira akaurusha wa Mashavu. Huo ukarudi kulia.

Jua nalo likacheka. "Sokoteni wote wawili," likasema. "Makumbi wachambue hao wanaocheka."

Kicheko kikakatika papo hapo.

Na tangu siku hiyo mwanga husafiri ukizunguka, mwingine kulia, mwingine kushoto, na ukigonga maji au kioo hubadili mkono. Upo pia ule wenye giza katikati, ambalo haliondoki hata uubane vipi. Mashavu alizeeka akisokota kwa mkono wake ule ule, tena akiimba. Siwema naye, mpaka anaingia kaburini, alishikilia kwamba kilichougeuza mwale wake siku ile kilikuwa upepo tu.