Fundi Alipobisha Hodi Kwake

Wahenga walisema mganga hajigangi. Maana yake ni kwamba mtu aweza kuwa bingwa wa kuondoa shida za watu, na zake zikamkalia mbele ya macho mchana kutwa asizione. Si kwamba hajui dawa. Dawa anaijua, ila hana wa kumwamsha aende kuichukua. Wengi huisema methali hii kwa kucheka, na hata mke wa fundi wa friji tunayesimulia habari zake hapa aliisema kwa kucheka miaka mingi, mpaka kicheko chenyewe kilipomwishia.

Fundi huyo alikuwa na jina mjini. Alipoweka sikio kwenye ubavu wa friji, alijua maradhi yake kabla hajafungua skrubu hata moja, ndiyo maana watu walimwita Daktari. Duka moja kubwa la vyombo vya umeme lilikuwa na mkataba naye. Mteja aliyelipia waranti ya nyongeza, yaani dhamana ya matengenezo ya bure, chombo chake kikiharibika, duka humpigia Daktari simu, naye lazima afike siku hiyo hiyo. Akikosa mara mbili, mkataba umekufa. Kwa miaka sita hakuwahi kukosa hata mara moja.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa mengine. Feni ya sebuleni ilikuwa na panga moja lililofungwa kwa waya. Pasi ilishika moto upande mmoja tu. Mashine ya kufulia, iliyokata roho miaka mitatu nyuma, ilitandikwa kitambaa ikawa meza, na mkewe, aliyekuwa mshonaji, akawa anakatia nguo juu yake. Kila alipokumbushwa, Daktari alijibu "kesho", tena kwa moyo mweupe kabisa, kwa kuwa kila mara aliamini kwamba kesho hiyo inakuja.

Walipokwenda kununua friji mpya katika duka hilo hilo walikuwa na sababu isiyongoja. Mama mzazi wa Daktari alikuwa amehamia kwao, naye aliishi kwa sindano za ugonjwa wa sukari. Chupa zake za akiba zilitakiwa kukaa kwenye ubaridi, la sivyo dawa ingepoteza nguvu. Muuzaji aliwaonyesha friji nzuri yenye waranti ya kiwanda ya mwaka mmoja, kisha akawauliza kama wangependa kulipia nyongeza ya miaka mitatu.

Daktari alicheka mpaka wateja wengine wakageuka. Akamweleza mkewe, muuzaji akisikia, kwamba katika watu kumi wanaonunua karatasi hiyo, wanaomwita ni wawili tu, na wanane waliobaki wamelipa ili duka linenepe. Akasema friji mbovu hujionyesha ndani ya mwaka wa kwanza, na iliyo nzima hukaa miaka kumi ikitunzwa. Kwa hesabu zake hakudanganya. Kisha akajipiga kifua.

"Waranti ya friji hii ni mimi hapa."

Mkewe alimtazama, akaitazama na friji. Daktari aliuchukua mtazamo huo kuwa ni kukubali. Wakalipia friji, wakaenda zao.

Mwaka ulipita friji ikiwa nzima, kama Daktari alivyotabiri. Miezi miwili baadaye mpira wa mlango ukaanza kuachia. Ubaridi ukawa unatoroka, na mashine ikanguruma bila kupumzika. Mkewe alipomwambia, Daktari aliugusa mpira kwa kidole, akatikisa kichwa kama anavyofanya kwa wateja, akasema hiyo ni kazi ya nusu saa, angekuja na mpira mpya kesho yake. Wiki ikakatika. Kufikia siku ya tisa friji ilikuwa kabati tu.

Mkewe alizifunga chupa za mama mkwe katika kitambaa, akazipeleka kwa jirani wa ghorofa ya juu. Jirani alizipokea vizuri, ila hakuweza kujizuia kuuliza inakuwaje mke wa Daktari anaomba ubaridi kwa watu. Mkewe alishuka na swali hilo ngazi moja moja, na alipofika chini hakuwa na hamu ya kucheka tena.

Daktari aliposikia aliona haya, akaapa kwamba Jumapili hatatoka. Jumapili asubuhi mwenye bucha akapiga simu, karibu alie, nyama yake inaharibika. Daktari alibeba begi, akaahidi mlangoni kwamba ni bucha hiyo moja tu kisha anarudi. Bucha ilizaa mgahawa, mgahawa ukazaa duka la maziwa, na aliporudi alikuwa hoi hata kula hakuweza.

Siku iliyofuata chupa aliyokuwa akiitumia mama iliisha. Mkewe alikuwa ametoka kununua nyuzi, kwa hiyo mama alipanda ngazi peke yake kufuata chupa nyingine. Mlango wa jirani ulikuwa umefungwa, na nguvu za kushuka mama hakuwa nazo. Mkwewe aliporudi alimkuta ameketi kwenye ngazi, midomo imekauka. Jirani alirudi baadaye, sindano ikapatikana, hatari ikapita. Jioni mama hakumlaumu mwanawe.

"Hizi ngazi ni nyingi, mwanangu," alimwambia, akageukia ukutani akalala.

Kesho yake asubuhi Daktari alitoka kwenda kununua mpira. Hilo ni kweli, ingawa alikuwa amepanga kupitia kwanza kwa mteja mmoja. Kabla hajafika, binti wa dukani anayempangia kazi akampigia simu. Kuna friji, alisema, mpira wa mlango umeachia, na ndani ya nyumba kuna mgonjwa mwenye dawa za kutunzwa kwenye ubaridi, kwa hiyo fundi anatakiwa kabla ya saa sita. Daktari akatoa kitabu cha fomu, akaandika. Alipotajiwa anwani, kalamu ikasimama. Mtaa ulikuwa wake. Nyumba ilikuwa yake, na ghorofa pia.

"Dada, hapo hujakosea?"

"Sijakosea, fundi. Mteja ana waranti yetu ya nyongeza. Utafika?"

"Nitafika," alijibu, kwa sababu hakuwahi kumpa binti huyo jibu jingine.

Kabla ya saa tano alikuwa amesimama mbele ya mlango wake, mpira mpya kwapani. Mkono ulikwenda kwenye funguo, ukasita. Kwa mteja hakuwahi kuingia bila hodi. Akabisha.

Mkewe alifungua, futi ya kupimia ikiwa shingoni. "Karibu, fundi. Friji iko jikoni."

Alivua viatu. Alitandika shuka lake la kazi sakafuni, jambo alilolifanya katika majiko ya watu wasiohesabika na si katika jiko hili. Aliubandua mpira wa zamani, akasafisha mfereji wake kwa maji ya moto, akaupachika mpya. Kisha akafungia kipande cha karatasi mlangoni na kukivuta, kikagoma kutoka. Hata vumbi la nyuma, ambalo halikuandikwa kwenye fomu, alilifuta. Mama alikuwa amevuta kiti karibu, akimtazama mwanawe akifanya kazi.

"Fundi huyu mzuri," alimwambia mkwewe. "Umemtoa wapi?"

Wanawake wakacheka. Daktari akafungua kitabu cha fomu bila kuinua macho, akauliza waranti hiyo ilinunuliwa lini. Mkewe akamwambia ni siku ile ile ya friji. Yeye alipokwenda kazini, mkewe alirudi dukani na pesa za sare za shule alizokuwa ameshona.

"Kumbe hukuniamini."

"Ufundi wako nauamini kuliko wa mtu yeyote," alisema mkewe. "Sikulipia ufundi. Nililipia kuja."

Daktari aliketi juu ya shuka lake. Aibu ilimshika, na pamoja nayo uchungu, maana akilini alimwona mama yake akiwa ameketi kwenye ngazi. Bado aliamini kwamba wanane katika kumi hupoteza pesa zao, na angemwambia hivyo yeyote atakayemuuliza. Mwenye fundi anayekuja akiitwa, karatasi hiyo ya nini? Lakini siku ile dukani alihesabu friji tu. Fundi mwenyewe hakumtia kwenye hesabu.

Mkewe alichukua fomu. Penye swali kama fundi alifika siku aliyoitwa, alisita, akamtazama mumewe, akaandika ndiyo. Daktari akachana fomu nyingine tupu, akajaza feni ya sebuleni, anwani yake mwenyewe na tarehe ya kesho.

"Tia sahihi na hii. Nisipotokea, piga simu dukani unishitaki."

Simu ikalia, mteja mwingine. Siku hiyo mteja ndiye aliyeambiwa kesho. Daktari alikaa mpaka friji ikashika ubaridi, ndipo akapanda mwenyewe kufuata chupa za mama, akizihesabu ngazi. Zilikuwa ishirini na nne. Alikuwa ameishi katika jengo lile miaka kumi na mmoja asijue. Alishuka taratibu, chupa amezikumbatia kifuani, pale pale alipojipiga dukani, na rohoni akakiri kwamba waliosema walisema kweli: mganga hajigangi.