Homa ya Kisanduku cha Mzee Kibwana

Heshima ya kitambaa, homa ya diski. Bibi yenu aliwaambia hivyo leo asubuhi mlipomnyang'anya jembe eti apumzike, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza kitambaa na diski vilikutania wapi. Methali hii ilianza hivi, si zamani sana, kule Muheza nyumbani kwa Bi Mwanakombo.

Mumewe, Mzee Kibwana, alifariki akaacha sauti. Mwanawe Hemedi alikuwa amemrekodi akisimulia habari za ukoo, akaihifadhi sauti hiyo kwenye kisanduku cha diski mbili kilichokaa sebuleni, kila diski ikibeba nakala ya mwenzake. Wote nyumbani waliisikiliza kwa simu zao. Mahali pengine haikuwapo, ndiyo maana Hemedi alikosa raha taa nyekundu ilipoanza kuwaka.

Kwanza kisanduku kilidai diski ya pili ni mbovu. Akanunua mpya. Haukupita muda kikailaumu ya kwanza. Akabadilisha waya, akahamisha plagi, akazipima diski zote, akazikuta nzima. Lakini wageni wakija tu, nyekundu. Kesho yake wakishaondoka, kijani. Adabu haikumruhusu kupekua mitambo mbele ya wageni, kwa hiyo alipima kesho yake kila mara, na kila mara hakuona kitu. Hemedi, msomi wa kompyuta, akaanza kuwatazama shangazi zake kwa jicho la shaka, akijiuliza ni yupi mwenye mkono mbaya. Mtu akichanganyikiwa hata haya humtoka.

Siku ya hitima ya mwaka, ndugu walijaa sebuleni wakitaka kumsikia marehemu. Hemedi akabonyeza. Kimya. Safari hii kisanduku kilizikataa diski zote mbili. Akawaza azifute aanze upya, mara akaingiwa na hofu, maana kufuta ni kumzika baba mara ya pili.

Bi Mwanakombo akasogea, akakigusa kisanduku kama anayepima paji la uso la mtoto.

"Hemedi, huyu ana homa."

"Mama, mashine haiugui."

"Weka mkono, baba."

Akauweka. Joto lilipenya kitambaa kizito cha kufuma, chenye maua mekundu. Katika nyumba ile redio ina kitambaa, friji ina chake, hata jagi la maji limevishwa. Macho ya Hemedi yalikuwa yameshavizoea hata hayavioni. Kile cha kisanduku Mama alikitandika wageni wakija, wakiondoka akakikunja kisichafuke. Matundu ya kupitishia hewa yalikuwa yamezibwa na maua.

Mama akasema polepole.

"Nilikifuma nikiwa edani. Nilidhani namsitiri baba yako."

Akakivua mwenyewe, akakipakata. Hemedi akakizima kisanduku, wakala pilau bila kuonja ladha yake. Kilipopoa akakiwasha. Kijani. Akabonyeza, na Mzee Kibwana akakohoa, kikohozi chake kilekile cha kuanzia hadithi. Bi Mwanakombo akakiinua kile kitambaa, akafutia machozi.

Shangazi mmoja, katika wale walioshukiwa, ndiye aliyeyatamka maneno haya kwanza, na Muheza nzima ikayabeba. Sasa nendeni mkamrudishie bibi yenu jembe lake. Heshima ya kitambaa, homa ya diski.