Ngazi Iliyobanwa na Ukuta wa Mama

Wapendwa, palikuwa na mwana mmoja aliyejenga nyumba kwenye mteremko. Sebule juu, chumba cha mama yake chini. Mama alikuwa mzee, na njia ya kupanda sebuleni ilikuwa udongo mtupu. Mwana akamwonea huruma. Akajenga ngazi ya mawe ubavuni mwa nyumba, akaibana kabisa na ukuta wa mama, ndani akashindilia kifusi.

"Haya mama, sasa huanguki tena."

Mama akambariki, akapanda huku akicheka kama bibi harusi.

Ikaingia masika. Ukuta wa mama ukaanza kutoa jasho. Rangi ikabanduka, godoro likanuka uvundo. Mwana akapaka upya bila kusogeza kitanda, ukalowa tena. Akaanza kumtazama mama kwa jicho la pembeni.

"Mama, labda unamwaga maji ya kuoga?"

"Sijui, mwanangu. Labda."

Huko nje mkewe akanong'ona, "Uzee huo, baba nanii. Mwili haushiki haja tena."

Mama akasikia. Tangu hapo akaacha chai ya jioni, akawa analala na kiu. Na ukuta bado ukalowa! Mwisho akafunga nguo zake kwenye kanga. "Nirudishe kijijini, nisije nikawaozeshea nyumba."

Nyie mngemjibu nini?

Siku ya safari, mwana akaingia kutoa kitanda kilichokuwa kimeegemea ukuta ule. Alipokisogeza, ndipo akaiona alama ya unyevu yote, chini hadi juu. Ilikuwa inapanda kona kwa kona, kidato juu ya kidato. Akatoka mbio, akaitazama ngazi yake. Akarudi, akautazama ukuta. Akakaa sakafuni.

"Mama, si wewe. Ni mimi. Ngazi yangu ndiyo inayokunyweshea ukuta."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa, mama. Nisamehe."

Mama akashusha pumzi, mabega yakalegea. "Basi niletee chai. Kwenye kile kikombe kikubwa."

Ngazi ikabomolewa, ikajengwa upya, safari hii imeachana na ukuta kwa nafasi ya kupitisha mkono, vidato vimeinama kidogo kwa nje ili maji yateremkie uani. Upepo ukapita katikati. Ukuta ukakauka wenyewe.

Na sisi je? Tunamtendea mtu wema, kisha tunambana nao mpaka hana pa kupumulia. Akianza kulowa, tunamuuliza yeye maji yametoka wapi! Nasema sisi, maana na mimi nimo humo.

Lakini shukuruni, ndugu zangu. Mungu hakumwambia yule mwana abomoe nyumba, wala hakumkataza kujenga ngazi. Ilitakiwa nafasi ya mkono tu. Basi leo ukifika nyumbani, zunguka nje kwanza, utazame ulichojenga. Na kama yupo wa kumwambia "si wewe, ni mimi," mwambie kabla hajafunga kanga yake. Yawezekana amelala na kiu siku nyingi.