Mganga Aliyemfyonza Fahali

Hapo zamani za kale, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzio usikie, ng'ombe mmoja aitwaye Bi Madoa alihamia kando ya pori pamoja na mumewe Fahali na ndama wao Tunu. Watoto wengine wote walikuwa wamekufa. Huyu mmoja aliyebaki, Bi Madoa alimpenda mpaka akimlamba alikuwa anasahau kula.

Porini humo aliishi Mbung'o, nzi mnyonya damu. Kila akimsogelea Fahali, chwaa! Mkia huo, anaponea chupuchupu. Tamaa ya damu hiyo ikamkondesha. Siku moja akajipiga kilemba, akaja mlangoni.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu. Nani mwenzetu?"

"Mganga wa kuumika, mama. Nafyonza damu mbaya, mtu anabaki mzima wa afya. Muulizeni Nyati, natoka kwake sasa hivi."

Nyati alikuwa anapita na mzigo wake wa kuni. "Eh, huyo? Ananifyonza kila siku," akasema, "na sijaugua hata mafua."

Nyati hakusema uongo. Damu yake ilijaa vijidudu, lakini amezaliwa na kukulia nao porini, hawamsumbui. Hilo hakuna aliyemuuliza.

"Sharti langu moja tu," Mbung'o akasema. "Mgonjwa asitikise mkia. Akitikisa, dawa imeharibika."

Basi Fahali, dume la kung'oa miti, akatulia tuli kama bwana harusi anayenyolewa. Chomo! Fyuuu!

Haukupita muda, homa ikamshika. Manyoya yakamsimama, machozi yakamchuruzika, nyama ikamwisha mbavu zikabaki nje. Bi Madoa akakimbilia kwa mganga.

"Mume wangu anakwisha!"

"Si unaona? Damu mbaya bado imo! Twende nikamfyonze tena."

Akamfyonza tena, na tena. Fahali akafa.

Msibani, Mbung'o alilia kuwashinda wafiwa. "Shemeji yangu weee! Laiti mngeniita mapema!" Kisha akamnong'oneza Bi Madoa, "Huu ugonjwa ni wa kurithi. Huyu mtoto usingoje augue."

Jamani, mngemlaumu? Ametoka kuzika mume, hana mwingine wa kumshauri. Akamlaza Tunu chini, na kwa kwato lake mwenyewe akamkanyagia mkia.

"Mama, ananiuma! Mama!"

"Vumilia mwanangu. Dawa ndivyo ilivyo."

Tunu naye akaacha kunyonya. Akawa anakohoa, anasimama, anaanguka, pu! Bi Madoa akachanganyikiwa, akamfuata Nyati mtoni.

"Kaka Nyati, nakuomba, niambie siri yako. Wewe unafyonzwa, mbona huugui?"

"Siri gani, dada yangu? Mimi vijidudu ninao damuni tangu utotoni. Sisi wa porini hawatudhuru." Nyati akaacha kunywa, akamtazama. "Kwani hakuwaambia? Akishanifyonza mimi anakuja kwenu na mdomo uleule, hata hausuuzi."

"Uwiiii!" Bi Madoa akapiga ukelele, akarudi mbio.

Akamkuta Mbung'o juu ya shingo ya Tunu, tumbo limemvimba, jekundu.

Chwaa! Akamkosa. Mbung'o akaruka vuuum, akatua juu ya boriti.

"Muuaji! Umemuua mume wangu, na sasa mwanangu! Alikukosea nini?"

Mbung'o akajipangusa mdomo, wala hana haraka. "Mimi nimeuma tu, mama. Aliyemkanyagia mkia ni nani?"

Bi Madoa akamgeukia Tunu. Akapiga magoti, akamlamba mtoto machoni, masikioni, akamwita jina lake kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya juu. Tunu hakuitika. Akaendelea kumlamba hivyo hivyo, ingawa alijua.

Hadithi imeishia hapo, na mimi mwenyewe siipendi. Ila shikeni hili: anayekuja kwako na dawa, muulize kwanza mdomo wake umetoka wapi.